Goli 15 siku moja: Daraja la Kwanza 2016 lilitufundisha nini Kanda ya Ziwa?



Juzi hapa Mwanhuzi kijiweni kulikuwa na ubishi mkali. Jamaa mmoja kasema mkoa wetu wa Simiyu, tangu uanzishwe 2012, haujapeleka timu Ligi Kuu kwa sababu hatujui "kucheza nje ya uwanja". Eti bila kupanga matokeo hupandi. Wengi wakamuunga mkono. Mi nikakataa, na sababu yangu ni msimu wa 2015/16.

Kwa wasiokumbuka: Daraja la Kwanza wakati ule lilikuwa na timu 24 kwenye makundi matatu ya timu nane nane, na kila kundi lilipandisha timu moja tu. Kundi C ndio lilikuwa la kwetu huku. Siku ya mwisho, Februari 2016, Geita Gold na Polisi Tabora walikuwa wanafukuzana mpaka kwenye tofauti ya magoli. Kilichotokea? Geita kampiga JKT Kanembwa 8-0. Kule Tabora, Polisi kampiga JKT Oljoro 7-0. Goli 15 kwa dakika 90, viwanja viwili! Hata mtoto wa darasa la pili angeuliza maswali.

TFF nao wakauliza. Aprili 2016 Kamati ya Nidhamu ikatoa hukumu ya upangaji matokeo: Geita, Polisi Tabora na Oljoro wakashushwa daraja, Kanembwa wakarudishwa ligi ya mabingwa wa mikoa, na wapo viongozi, makocha na makipa waliofungiwa. Nafasi ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza, ambayo haikuwa kwenye mahesabu ya mtu.

Kuna waliosema Mbao wamebebwa na kamati, hawatafika mbali. Haya, msimu uliofuata Mbao wakamtoa Yanga nusu fainali ya Kombe la FA pale Kirumba, wakaenda fainali Dodoma Mei 2017. Simba alihitaji dakika za nyongeza kuwafunga 2-1. Ndio hao "waliobebwa".

Na Geita wenyewe? Walianza upya huko chini, wakapanda kihalali 2021. Msimu wao wa kwanza Ligi Kuu wakamaliza wa nne, wakapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na George Mpole akawa mfungaji bora kwa goli 17. Walishuka tena 2024, lakini safari hii walishukia uwanjani, sio mezani. Sasa niambieni, goli nane za 2016 ziliwasaidia nini? Ziliwachelewesha miaka mitano.

Tuwe wakweli lakini, mfumo nao ulichangia. Nafasi moja kwa kundi zima, halafu siku ya mwisho unakutana na timu isiyo na cha kugombea, wachezaji wana njaa. Hapo shetani anapita bila kubisha hodi. Tangu 2021/22 ligi imekuwa Championship, timu 16 kundi moja: mbili zinapanda moja kwa moja, ya tatu na ya nne zinacheza mchujo. Imesaidia, maana sasa timu nyingi zina cha kugombea mpaka mwisho. Ila mechi ni 30 na nchi ni kubwa, nauli inaua. Timu isiyolipa wachezaji wake bado ni rahisi kununulika.

Ndio maana naogopa maneno ya kijiweni. Dogo wa Meatu anayekimbia peku jioni baada ya kutoka kuchuma pamba ana njia moja tu: ligi ya wilaya, mkoa, halafu huko juu. Mechi moja ikiuzwa hata huku chini, jasho lake limeuzwa na yeye hajapata hata senti.

Tukitaka timu Simiyu, tuanze na kulipa wachezaji kwa wakati. Mnasemaje wadau? Nakosea wapi?