Kishikwambi na Somo la Ufahamu: Debe Tupu Litavuma Hadi Lini?

Wahenga walinena kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Kwa zaidi ya miaka ishirini sasa debe hilo limevuma katika shule zetu za msingi kwa majina mbalimbali: tarakilishi ya mkononi, kipakatalishi, kishikwambi. Kila linapovuma, tunaahidiwa kuwa mtoto atasoma vyema zaidi. Makala haya yanashikilia kuwa kifaa cha mkononi, hata kikiunganishwa na mtandao usiotumia waya, hakiwezi kumfunza mtoto ufahamu iwapo kifungu kilichomo hakimlazimu kufikiri. Aidha, jukumu la kuandika vifungu hivyo ni letu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, kabla ya kuwa la mafundi wa mitambo.

Historia yenyewe si ngeni. Mnamo mwaka 2005, wanafunzi wa darasa la tano katika Shule ya Msingi ya Mbita Point, kando ya Ziwa Victoria, walipewa tarakilishi ndogo za mkononi zilizopokea masomo bila waya. Lilikuwa jaribio lenye nia njema ya kupunguza gharama ya vitabu. Mwaka 2013, serikali iliyoingia madarakani ilikuwa imeahidi kila mtoto wa darasa la kwanza kipakatalishi. Utekelezaji ulipoanza mwaka 2016, kipakatalishi kilikuwa kimegeuka kishikwambi, na hatimaye vifaa zaidi ya milioni moja vikasambazwa katika shule za umma. Katika shule nyingi vifaa hivyo viliishia kufungiwa kabatini.

Hata pale vifaa vilipotumiwa ipasavyo, matokeo yanatutaka tutafakari. Utafiti uliofanywa Kisumu chini ya mradi wa PRIMR, na kuchapishwa mwaka 2016, ulilinganisha njia tatu: kumpa kishikwambi afisa anayezuru madarasa kuwashauri walimu, kumpa mwalimu, au kumpa kila mwanafunzi kifaa cha kusomea. Watoto katika makundi yote matatu waliwapita wenzao wa shule zisizokuwa na mradi. Hata hivyo, kumpa kila mtoto kifaa, njia iliyokuwa ghali kuliko zote, hakukuleta tofauti ya maana ikilinganishwa na kumpa kifaa afisa peke yake. Funzo ni bayana: kilichomfaa mtoto ni ufundishaji ulioimarika.

Kwa nini basi kifaa kisitoshe? Nawaomba wasomaji wasome sentensi hii: *Mlepu alitibasa vilembugu kando ya mshefa.* Je, Mlepu alitibasa nini? Vilembugu. Alivitibasa wapi? Kando ya mshefa. Hongera, umepata alama zote! Ilhali sentensi hiyo haina maana yoyote. Maneno yake makuu nimeyabuni. Tahajia ya Kiswahili ni nyepesi, herufi na sauti zinaandamana, hivyo mtoto anaweza kutamka ukurasa mzima na kujibu maswali ya "nani", "nini" na "wapi" bila kuelewa lolote. Maswali ya aina hii ndiyo yanayojaa katika vitabu vyetu, na ndiyo ambayo mashine husahihisha kwa urahisi. Mtoto hugusa jibu, kifaa hupiga makofi, nasi tunadhani amefahamu. Kumbe tunatwanga maji kinuni.

Si kwamba Kiswahili ni kikwazo. Mwaka 2012, mradi huohuo wa PRIMR uliwapima watoto wapatao 2,000 katika Kiingereza, Kiswahili, Dholuo na Gikuyu. Watoto walisoma Kiingereza kwa kasi zaidi, lakini walifahamu zaidi walichokisoma katika Kiswahili na katika lugha zao za kwanza. Kasi ya ulimi na mwanga wa akili ni mambo mawili. Lugha iliyo karibu na mtoto ndiyo mlango wa ufahamu, na mlango huo uko mikononi mwetu.

Sasa tutazame kifungu cha pili: *Jioni, Atieno alirudi kutoka sokoni, kikapu chake cha nyanya kikiwa kimejaa kama asubuhi. Mama alikitazama kikapu, kisha akaongeza maji katika uji.* Kwa nini mama aliongeza maji? Jibu halimo ndani ya sentensi yoyote. Limo baina ya sentensi mbili. Mtoto sharti aunganishe nyanya ambazo hazikununuliwa, pesa ambazo hazikupatikana na unga ambao hautatosha. Mtoto mmoja atasema uji ulikuwa mzito. Mwingine atasema wageni wamekuja. Hapo ndipo somo la ufahamu linapoanza.

Na hapo ndipo kifaa kisicho na waya kinapoweza kutufaa. Mwalimu mwenye wanafunzi hamsini husikia majibu ya watano walioinua mikono. Vifaa vikiwasiliana na kile cha mwalimu, ataona majibu ya wote kwa wakati mmoja, atatambua waliopotea, na atawauliza: "Ni maneno gani katika kisa yanayokuonyesha hivyo?" Tangu Mbita hadi leo tumetumia vifaa hasa kupeleka masomo kwa mtoto. Fikra za mtoto nazo zirudi kwa mwalimu.

Watakaopinga watasema heri tununue vitabu. Sina ugomvi nao. Kifungu kibovu ni kibovu kwenye karatasi na kwenye kioo. Swali langu ni hili: nani atawaandikia watoto? Tangu mwaka 2014, mradi wa African Storybook umeweka hadithi za watoto mtandaoni bila malipo, za Kiswahili zikiwemo, na nyingi miongoni mwazo ni tafsiri. Tafsiri si dhambi, lakini uji wa mama Atieno hautapikwa na mtafsiri. Mimi mwenyewe ninaandika tasnifu kuhusu riwaya ya Kiswahili, na sijawahi kuandika kisa hata kimoja cha mtoto wa miaka minane. Sidhani niko peke yangu.

Napendekeza kila mwanafunzi anayesoma fasihi ya watoto katika idara zetu aandike kisa kimoja chenye maswali matano, mawili kati yake yasiyojibika kwa kunakili sentensi. Kisa kisomwe katika shule ya msingi iliyo jirani, kirekebishwe kwa kusikiliza watoto wanavyojibu, kisha kiwasilishwe kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ili kipate idhini. Tukifanya hivyo, kifaa chochote kitakacholetwa kesho kitakuta cha kubeba. Tusipofanya hivyo, tusilaumu debe kwa kuvuma. Ni sisi tuliolikuta tupu tukaliacha tupu.