Eka Tatu na Warithi Wake

Mapinduzi ya 1964 yaliifanya ardhi ya Unguja na Pemba kuwa mali ya umma, na katika miaka iliyofuata wakulima wasiokuwa na kipande waligaiwa eka tatu tatu. Wengi wa waliopokea hati zile wamekwisha tangulia mbele ya haki. Hati zimebaki mkobani zikiwa na majina ya marehemu, na shamba linalimwa na yule aliye karibu nalo.

Hapo ndipo dhuluma inapoingia, tena kimya kimya. Tuchukue marehemu aliyeacha mjane, wana wanne wa kiume na mabinti watatu. Mjane ana thumni yake. Kinachobaki hufanywa mafungu 11, kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Katika eka tatu, fungu la binti halifiki robo ya eka. Kaka mkubwa husema hakuna cha kugawa hapo, tule pamoja. Miaka ikipita, mlaji huwa mmoja. Wala faraidhi haikuweka kima ambacho chini yake haki ya binti hufutika.

Ni kweli kwamba eka hizi hazikutolewa ili zikatwe vijisehemu. Aliyepewa alipewa alime, asiuze. Lakini kutokukata ardhi si sababu ya kutoandika majina. Warithi wote waandikwe kwa pamoja, shamba libaki zima, na mavuno yagawiwe kwa mafungu yao. Jambo hili lina uzito zaidi penye mikarafuu, kwani sheria ya ardhi, namba 12 ya 1992, inatambua kwamba mwenye mti anaweza kuwa mbali na mwenye haki ya kutumia ardhi. Bei ya karafuu ilipopandishwa mwaka 2011, si ajabu kwamba mashamba yaliyolala yalipata wenyewe kutoka kila upande.

Tunawageukia sasa ndugu zetu watendaji. Mirathi ni kwa Kadhi, usajili ni kwenye ofisi ya ardhi, na ugomvi wa mpaka ni wa Mahakama ya Ardhi, iliyowekwa na sheria ya 1994. Mjane wa kijijini atazijuaje njia hizi tatu, na nauli ya kuzifuata ataipata wapi? Anayetaka kumdhulumu anazijua zote.

Sheha ajulishwapo kifo cha mwenye shamba, aandike siku ile ile majina ya warithi, wanawake wakiwemo, na ayafikishe kunakohusika kabla kilio hakijasahauliwa. Ada za kusajili mirathi ya eka tatu zisilingane na za mnunuzi wa kiwanja cha ufukweni. Na ombi la uhaulishaji wa shamba la marehemu lisipokewe mezani mpaka mjane na mabinti waitwe, wasikilizwe wenyewe kwa vinywa vyao.