Zero Haikuwa Makosa



Tangu enterogasio ya fizike ya kalasi yetu ya tatu, makelele hayajaisha ku mabweni. Swali lilikuwa fupi: mwanafunzi anatoka nyumbani, anatembea 3 km mpaka masomo, kisha anarudi kwa njia ile ile mpaka nyumbani. Deplasema yake ni ngapi? Wengi tuliandika 6 km na kupiga mustari chini kwa furaha. Profesa akaandika pembeni: 0. Wengine wakasema anatuonea, na barua ya kupelekea prefe ikaanza kuandikwa. Sisi tunasema profesa alikuwa na haki, hata kama rafiki zetu watatukasirikia. Na sisi pia tuliandika 6!

Mutu akikutana nawe njiani anauliza nini? «Unatoka wapi? Unaenda wapi?» Haulizi umezunguka vilima vingapi. Deplasema ni jibu la ulizo lile: kutoka hapa, kufika pale, mustari mmoja ulionyoka, pamoja na upande wake. Urefu wa njia, ule miguu ndiyo inaujua. Ni vitu viwili.

Tuangalie Bukavu na Goma. Kwa mustari ulionyoka ni karibu 100 km, kuelekea kaskazini na kuegemea mashariki kidogo. Lakini kamyo inayofuata barabara ya kando ya ziwa inafanya karibu 200. Tuseme inatumia masaa 10. Magurudumu yamefanya 20 km kwa saa, lakini kwa deplasema ni 10 tu. Na siku inaporudi Bukavu, mafuta yameisha, dereva amechoka, deplasema ni 0. Hakuna mutu atasema dereva hakufanya kazi. Lakini ndivyo wengi wetu tulivyosikia ile zero, kama vile profesa anasema yule mwanafunzi hakutembea.

Shida ingine inatoka kwa neno lenyewe. Kifaransa kinasema «vitesse» kwa mambo mawili: mbio peke yake, na mbio pamoja na upande wake. Waingereza wana maneno mawili. Sisi kwa Kiswahili tunasema «mwendo», basi. Kwa hiyo kushika v = d/t kwa kichwa haitoshi. Ndugu anayezunguka kiwanja cha mupira na kinga, 15 km kwa saa bila kupunguza wala kuongeza, vitesi yake haiko ya namna moja, maana kila kona anageuza upande. M.R.U. inadai mambo mawili pamoja: mustari ulionyoka, na urefu sawa kwa wakati sawa.

Hatukuamini mpaka tulipojaribu. Tulipima 100 m na kamba barabarani, tukaweka jiwe kila 20 m. Mmoja wetu akatembea kama mutu anayeenda sokoni, mwingine akasoma saa ya mukono. Toka jiwe mpaka jiwe: sekunde 14, 15, 14, 14, 15. Karibu 1,4 m kwa sekunde. Kisha mukimbiaji wetu mashuhuri akaruka: 4, 4, 4, 5, 6. (Tulicheka sana, yeye hakucheka.) Kwa yule wa kwanza formila inakubali: kwa sekunde 30 unajua amefika karibu 42 m, hata kama umefunga macho. Kwa yule wa pili inakudanganya. Na yule wa kwanza alipogeuka kurudi, tukaandika −1,4. Kwenda +100, kurudi −100. Zero ikatutazama pale chini ya kaye.

Tuko na neno kwa walimu pia, kwa heshima. Kalasi karibu nzima ikianguka kwa swali moja, si uvivu tu. Formila tuliipata siku ya kwanza, enterogasio siku ya nne, na katikati hakuna mutu alitoka nje ya mulango. Mutupe saa moja ya nje. Tena mutuache tusemezane kwa Kiswahili wakati wa etidi, kwani mutu anaweza kurudilia «déplacement» mara kumi na bado asifahamu.

Ile barua ya prefe, tumeomba isipelekwe. Iko bado chini ya godoro la mutu. Jumamosi, nyuma ya kazi za mikono, kamba itakuwa tena barabarani. Mwenye saa yenye mushale wa sekunde aje nayo; yetu ilikuwa ya kuazima, na mwenyewe ameisha idai.

Wanafunzi wa kalasi ya tatu