Sindano na Masikio

Wengi wetu hapa Dodoma, na vijijini hata Kongwa na Mpwapwa, tungali na itikadi kwamba mgonjwa asiyechomwa sindano hakutibiwa. Akipewa vidonge hurudi nyumbani akinung'unika. Itikadi hii yataka kuangaliwa, kwani ziko sindano za kuua vijidudu ambazo zaweza kuponya maradhi na kumwachia mtu uziwi.

Ya kwanza katika jamaa ya dawa hizo ni streptomaisini. Ilipatikana Marekani mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman, na aliyeitoa katika vijidudu vya udongo ni mwanafunzi wake, Albert Schatz. Kabla yake madaktari hawakuwa na dawa ya kukishinda kifua kikuu. Walakini haukupita muda mrefu wakaona jambo: kikohozi cha mgonjwa kimepungua, lakini akisimama hupepesuka kama aliye chomboni baharini, na wengine masikio yao yalivuma, kisha yakanyamaza.

Kwetu Tanzania, mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, mshauri wake akiwa Daktari Karel Styblo. Tiba ilikuwa ya miezi minane, na katika miwili ya mwanzo mgonjwa alichomwa streptomaisini kila siku. Tiba ile iliokoa watu wengi mno, wala si haki kuilaani. Baadaye, kwa kifua kikuu sugu, zilitumika ndugu zake, kama kanamaisini, kwa miezi mingi mfululizo, nazo zilidhuru masikio ya wengi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kanamaisini iachwe na vidonge vitangulizwe. Basi leo mgonjwa wa kifua kikuu akipewa vidonge vitupu asidhani amedharauliwa.

Jentamaisini, ya jamaa hiyo hiyo, ingali yatumika, na ina mahali pake. Mtoto mchanga ambaye vijidudu vimeingia damuni huchomwa kwa siku chache, kwa kipimo cha uzito wake. Mzazi asiikatae, maana maradhi yale huua upesi. Hatari huzidi dawa inaporefushwa bila vipimo, au figo zikiwa dhaifu. Figo ndizo ziitoazo mwilini. Zikilegea, dawa hurundikana, ikaziumiza figo zenyewe pamoja na masikio. Mzee, na mtu aliyekaukiwa maji kwa kuharisha, wajihadhari zaidi. Mama mjamzito hana budi kusema hali yake, kwa kuwa streptomaisini humfikia mtoto tumboni na yaweza kumfanya azaliwe kiziwi.

Ndani kabisa ya sikio mna chembe zenye nywele laini mno, nazo zikifa hazioti tena. Hufa kwanza zile za sauti nyembamba, kwa hiyo mtu hajitambui. Ngoma aisikia, gari alisikia, lakini sini na thaa na fei zampita. Mtoto wa namna hiyo chuoni huitwa mkaidi, na pengine hata fimbo huila bure. Dalili za mwanzo ni mvumo masikioni, kizunguzungu, na kuuliza "Umesemaje?" mara kwa mara. Daktari aambiwe siku ile ile, pasingojwe dozi kwisha. Wala mgonjwa asiiache dawa kimya kimya. Na madhara yaweza kujitokeza hata majuma kadhaa baada ya sindano ya mwisho.

Liko jambo jingine ambalo wachache hulijua. Zipo nyumba ambazo udhaifu huu hurithiwa kwa upande wa mama peke yake, na mwenye urithi huo sindano chache tu zaweza kumwondolea usikivu. Basi enyi vijana, waulizeni mama zenu na bibi zenu wazaa mama: je, yuko mjomba, au mama mdogo, aliyepata uziwi baada ya kuchomwa sindano? Kama yuko, daktari aambiwe kabla dawa haijavutwa katika bomba.