Pumu ni kinga iliyokosa subira

Watu wengi huamini kwamba afya njema ni kinga kali, na matangazo ya vidonge na mitishamba hutuahidi "kuongeza kinga" kila kukicha. Tukija kwenye mapafu, dhana hii ina kasoro kubwa. Nyumba yenye mtoto wa pumu haina haja ya kinga yenye nguvu zaidi. Inahitaji kinga itulie, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni dawa gani itumike kila siku na ipi iwekwe akiba.

Tuanze na ukubwa wa kazi yenyewe. Mtu mzima huvuta zaidi ya lita 10,000 za hewa kwa siku moja, na hewa hiyo haiji peke yake: hubeba vumbi la barabarani, chavua ya maua, mbegu za kuvu, chembe za manyoya ya paka, kinyesi cha utitiri wanaoishi magodoroni na bakteria wasiohesabika. Sehemu kubwa hunaswa puani na katika ute wa njia za hewa, ikasukumwa juu hadi kooni tukaimeza bila kujua. Lakini chembe ndogo kabisa hufika mwisho wa safari, kwenye vifuko vya hewa, ambavyo idadi yake ni mamia ya mamilioni. Vingekunjuliwa na kutandazwa chini, vingefunika takriban mita za mraba 70, yaani eneo la nyumba ya familia. Na ukuta unaotenganisha hewa na damu mahali hapo una unene usiofika hata sehemu moja ya elfu ya milimita.

Mwiba ukichoma kidole, kidole huvimba, hujaa majimaji na kuwa chekundu. Huo ndio mtindo wa kinga inapopigana, na kidole huvumilia vita hivyo mpaka viishe. Kifuko cha hewa hakina uwezo huo. Kikivimba na kujaa maji, oksijeni haipiti, na mwenye mapafu huanza kuzama akiwa nchi kavu. Ndiyo maana walinzi wa mapafu, tofauti na walinzi wa ngozi, kazi yao ya kila siku ni kujizuia.

Walinzi wa mstari wa mbele huitwa makrofaji, jina linalotokana na Kigiriki likiwa na maana ya mlaji mkubwa. Hukaa juu ya ukuta wa vifuko, wakimeza vumbi na bakteria kimyakimya. Seli za ukuta nazo hubeba alama ambayo makrofaji huishika, na maadamu ameishika hubaki mtulivu. Ukuta ukijeruhiwa na maradhi, alama ile hupotea, na hapo ndipo kengele ya hatari hulia. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada walieleza namna walivyotazama kwa hadubini mapafu ya panya walio hai. Waliwaona makrofaji wakitambaa kutoka kifuko hadi kifuko, wakiwahi bakteria na kuwafunika kabla seli nyingine za kinga, zile zenye pupa ya vita, hazijapata habari. Makrofaji walipozuiwa kutembea, seli za pupa zilimiminika kwa wingi na kuyaumiza mapafu yenyewe.

Nyuma ya makrofaji kuna tabaka la pili la subira. Ni seli nyeupe za damu ambazo tunaweza kuziita seli T dhibiti, kwa kuwa kazi yake ni kuzidhibiti seli wenzake. Kwa miaka mingi wanasayansi wengi walikuwa wameacha kuamini kwamba ziko. Shimon Sakaguchi wa Japani hakukata tamaa, na mwaka 1995 alionyesha jinsi zinavyotambulika. Mwaka 2025 yeye pamoja na Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi hiyo. Seli hizi ndizo husaidia mwili wa mtoto kujifunza kwamba chavua si adui na manyoya ya paka si uvamizi.

Kwa mtoto mwenye pumu ya mzio, ambayo ndiyo pumu ya watoto wengi, somo hilo halikukamilika. Kinga humwona utitiri wa godoroni kama mvamizi na kumtengenezea silaha za damu zinazokusudiwa minyoo. Njia za hewa huvimba kwa ndani, ute huongezeka na kuwa mzito, na misuli inayozizunguka hujikaza. Muhimu kuelewa ni kwamba uvimbe ule haungoji mtoto abanwe. Upo hata siku anayocheza mpira na kucheka, kama kaa la moto chini ya majivu.

Kwa nini somo huwakamilikia wengine na kuwakatikia wengine? Urithi wa familia una sehemu yake, lakini upo mfano mmoja unaofundisha sana, nao ni wa jamii mbili za wakulima wa Marekani, Waamishi na Wahuterite. Asili yao ni Ulaya ya kati, na damu zao zinakaribiana. Waamishi hulima kwa farasi, na watoto wao huingia zizini tangu wadogo. Wahuterite hulima kwa mitambo mikubwa, mifugo ikiwa mbali na makazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikumbusha kwamba pumu iliwapata karibu asilimia 5 ya watoto wa Waamishi, dhidi ya asilimia 21 ya watoto wa Wahuterite. Vumbi lililokusanywa katika nyumba za Waamishi liliwakinga hata panya wa maabara. La nyumba za Wahuterite halikuwakinga.

Asitokee mtu akahitimisha kwamba uchafu ni dawa. Vumbi la zizi hubeba mabaki ya bakteria ambayo huizoesha kinga kutulia. Moshi ni jambo jingine kabisa. Moshi wa kuni, wa mkaa na wa sigara huumiza ukuta wenyewe, na hatuna budi kuongeza, japo tunajua tutawaudhi baadhi ya akina mama, kwamba moshi wa udi na ubani katika chumba kilichofungwa nao ni moshi. Mtoto wa pumu asifukiziwe.

Sasa tuje kwenye dawa. Pampu ya bluu, ambayo ni salbutamoli, hulegeza misuli iliyojikaza, na mtoto hupumua baada ya dakika chache. Ni dawa ya kuokoa, wala hatuidharau. Lakini haigusi uvimbe. Kinachourudisha utulivu ni pampu ya kuzuia, mara nyingi ya rangi ya kahawia, yenye steroidi kwa kipimo kidogo. Nayo hutumiwa kila siku, mtoto akiwa mzima pia. Utafiti wa wagonjwa wa Saskatchewan, Kanada, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba kadiri mgonjwa alivyotumia makopo mengi zaidi ya dawa hiyo katika mwaka, ndivyo hatari ya kufa kwa pumu ilivyopungua. Tangu mwaka 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu uitwao GINA haupendekezi tena mtu mzima au kijana wa miaka 12 na zaidi atibiwe kwa pampu ya bluu peke yake.

Wazazi wengi huogopa neno steroidi. Ukweli ni kwamba dawa hii inaweza kupunguza kimo cha mtoto kwa takriban sentimita 1, na kinywa kisiposukutuliwa baada ya kuivuta huweza kuota utando mweupe. Tukilipima hilo na pumzi ya mtoto, hatuoni penye mashaka. Kwa mtoto asiyeweza kuvuta vizuri, watafiti wa Afrika Kusini walithibitisha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako na kuzibwa vizuri kuizunguka pampu, hufanya kazi sawa na kifaa cha dukani.

Swali la saumu huja kila Ramadhani. Pampu ya kuzuia kwa kawaida hutumiwa mara mbili kwa siku, na nyakati hizo zinaafikiana na daku na futari, hivyo aliyetulia hafiki hata kwenye khitilafu ya wanazuoni juu ya kuvuta dawa mchana. Anayebanwa mchana avute pampu yake ya bluu papo hapo. Suala la kuilipa siku ile atamuuliza sheikh wake baadaye, akiwa hai.

Na mtoto ambaye hawezi kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, ambaye ngozi huzama katikati ya mbavu kila anapovuta hewa, au midomo yake inageuka rangi, asingojewe kupambazuke. Apelekwe hospitali usiku huohuo, pampu ya bluu ikiendelea kutumika njiani.