Sheria ya Chakula Ianzie Shambani

Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesimama hadharani akatetea chakula chenye sumu. Serikali yoyote inayojiheshimu ina dhima ya kulinda tumbo la raia kama inavyolinda mpaka wa nchi. Twaanza kwa kulisema hilo waziwazi, ili maneno yatakayofuata yasije yakapindwa na wale ambao kila wasikiapo mkulima akitetewa hudhani kwamba sheria inapigwa vita. Sisi hatuipigi vita sheria. Tunachouliza ni hiki: sheria ya usalama wa chakula imewekwa imlinde nani, na mzigo wake unabebwa na nani?

Swali hili tunaliuliza kwa ajili ya wakulima wadogo wa Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, na wa Masasi iliyo chini yake upande wa magharibi. Huenda msomaji wetu wa visiwani akasema kwamba Makote na Mkunya ni mbali, hazimhusu. Zamhusu sana. Visiwa havijilishi vyenyewe. Sehemu kubwa ya nafaka, kunde na karanga ziliwazo Unguja na Pemba huvuka bahari kutoka mahali pengine, na usalama wake huamuliwa siku nyingi kabla ya kupakiwa chomboni. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Chakula kilichomo sahanini nacho kimeundwa, na mafundi wake ni watu wenye jembe, mkeka na jua.

Taifa letu si geni katika jambo hili. Mwaka 1978 ilitungwa sheria ya kudhibiti ubora wa chakula upande wa Bara. Mwaka 2003 ikaja Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi, iliyozaa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Mwaka 2019, baada ya malalamiko ya muda mrefu kwamba bidhaa moja hukaguliwa na ofisi nyingi na kutozwa na kila ofisi, kazi ya kusimamia usalama wa chakula ilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Zanzibar nayo ina Wakala wake wa Chakula na Dawa. Hatua ya mwaka 2019 ilikuwa ya busara, nasi tunaiunga mkono. Hata hivyo, kupunguza milango ya ofisi mjini ni jambo moja, na kumfikia mkulima kijijini ni jambo jingine.

Tuangalie misiba iliyokwisha kutupata. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walifariki dunia kwa sumukuvu, ile sumu itokanayo na ukungu uotao katika mahindi na karanga zisizokaushwa vema. Jirani zetu wa Kenya walipatwa na makubwa zaidi mwaka 2004, ambapo watu 125 walipoteza maisha mashariki mwa nchi yao kwa sababu hiyo hiyo. Sumu hii haionekani kwa macho wala haisikiki ulimini, na moto wa jikoni hauiondoi.

Sasa tujiulize, wafu hao walikuwa nani? Wengi wao walikuwa wakulima wenyewe na watoto wao. Walikula mahindi ya ghala lao, yaliyotoka katika shamba lao. Mahindi hayo hayakupita sokoni, hayakupimwa kwenye mizani, wala hayakukutana na mkaguzi yeyote mwenye koti jeupe. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Ukaguzi unaosimama mlangoni pa soko hauwezi kumwokoa mtu anayekufa nyumbani. Na mkulima asiyejua namna ya kuiokoa familia yake hataweza kumwokoa mlaji wa Darajani au wa Kariakoo.

Ukaguzi wa mlangoni una kasoro nyingine pia. Mwezi wa Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Baada ya siku chache zuio hilo liliondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba kila shehena iwe na cheti cha kuonyesha kuwa sumu hiyo haizidi sehemu 10 katika bilioni. Kiwango hicho ni cha haki na hatukigombi. Lakini mwenye lori akikwama mpakani hukata hasara yake katika bei atakayompa mkulima kesho yake. Hivyo adhabu iliyokusudiwa kumwendea mwenye mzigo mkubwa huteremka ngazi kwa ngazi, hata ikamwangukia yule mwenye gunia 3, ambaye hakuwahi kuambiwa kosa lake ni nini.

Na turudi Newala. Kila aujuaye Uwanda wa Makonde ajua kwamba shida yake ya kwanza ni maji. Ardhi yake ni ya mchanga, mvua ikinyesha huzama chini kabisa, na chemchemi hutokea mabondeni, kwenye miteremko ya uwanda. Vizazi na vizazi vya akina mama vimeshuka na kupanda miteremko hiyo na mitungi kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanzishwa katika miaka ya 1950, ulijengwa kwa madhumuni ya kuyasukuma maji kutoka chini kuyapandisha juu, na nyumba nyingi bado hutegemea visima vya kuhifadhia maji ya mvua yashukayo mapaani. Mwaka 2022 Serikali ilitia saini mikataba ya mradi mkubwa wa maji wa miji 28, na Makonde imo. Kwa hilo tunatoa pongezi, na tunaomba kazi hiyo iishe kwa namna ambayo mwananchi ataiona kwenye ndoo yake.

Twayataja maji kwa sababu maji ndiyo sharti la kwanza la kanuni za usafi wa chakula, na pia ndiyo yanayoamua usalama wa muhogo. Wakulima wa kusini hupanda muhogo mchungu kwa sababu nzuri: haupendwi na nguruwe pori, hustahimili ukame, na huweza kukaa ardhini ukingoja siku ya njaa. Uchungu wake ni sumu. Kiwango cha kimataifa kinataka unga wa muhogo usiwe na zaidi ya miligramu 10 za sumu hiyo katika kilo moja. Mahali penye maji mengi, muhogo mchungu hulowekwa siku kadhaa mpaka ukalainika, na sumu nyingi hutoka. Mahali pasipo na maji, humenywa, hukatwa na kuanikwa juani ukawa makopa. Wataalamu wamekwisha kuonyesha kwamba kuanika peke yake hakuitoi sumu kama kuloweka kunavyoitoa. Na mwaka wa ukame, njaa ikibisha hodi, hata siku za kuanika hupunguzwa.

Matokeo ya kufupisha kazi hiyo yanajulikana. Mwaka 1985, wakati wa ukame, Wilaya ya Tarime mkoani Mara ilipatwa na maradhi ya konzo, ambayo humpooza mtu miguu ghafla na kumwacha kilema maisha yake yote. Jina lenyewe limetoka kwa watu wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Huko Kongo, katika eneo la Popokabaka, akina mama walifundishwa njia nyepesi iliyobuniwa na mtaalamu wa Australia: unga wa muhogo hutiwa maji ukalowana, hutandazwa kwa unene mdogo juu ya mkeka, ukaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha hupikwa ugali siku hiyo hiyo. Sumu huondoka yenyewe hewani. Vijiji vilivyoishika njia hiyo viliepukana na wagonjwa wapya. Mkeka, bakuli na maji kidogo vilitosha, pamoja na mtu mwenye subira ya kufundisha. Hakutozwa mtu faini.

Tutazame na korosho, ambayo ndiyo fedha ya Masasi na Newala. Korosho ghafi ina njia yake rasmi, kupitia vyama vya msingi, maghala na minada, chini ya vyama vikuu vya MAMCU na TANECU. Lakini yupo mama anayebangua korosho nyumbani kwake au katika kikundi chake, akaunguza vidole kwa mafuta makali ya ganda, ili auze korosho nyeupe kwa bei inayopita ile ya ghafi. Viongozi wetu husema kila siku kwamba tuongeze thamani ya mazao hapa hapa nchini. Mama huyu ameitika wito. Anapotaka kuuza dukani, huelezwa juu ya jengo linalokidhi masharti, maji safi yatiririkayo, vipimo vya afya, vifungashio, lebo, na alama ya ubora. Kila sharti peke yake lina maana. Yakikusanywa yote siku moja juu ya mtu mmoja asiye na bomba la maji, huwa ni ukuta.

Tunafahamu kwamba Serikali imeweka utaratibu wa kuwabebea wajasiriamali wadogo wanaotambulishwa na SIDO gharama za alama ya ubora katika miaka ya mwanzo. Huo ni uamuzi wa kizalendo. Lakini neema isiyotangazwa ni sawa na kisima kilichofunikwa. Ni maofisa wangapi wa kata wanaoujua utaratibu huo? Na kati ya wanaoujua, ni wangapi wameuchukua mpaka barazani kwa akina mama?

Asiyepata njia halali hutafuta ya panya. Kusini wanalijua neno kangomba: mlanguzi hufika na bakuli lake, akanunua korosho kwa kipimo chake na bei yake, kutoka kwa mtu mwenye shida ya leo. Kanuni ngumu zisizo na mwalimu humjaza mlanguzi mfuko, kwa kuwa yeye haulizi unyevu, haulizi ukungu, na haandiki jina la mtu. Chakula kilichopita gizani hakina alama ya nyayo, na siku kitakapodhuru, hatajulikana wa kuulizwa. Kwa hiyo ofisa anayedhani amelinda afya ya umma kwa kumfukuza mama sokoni huenda amekipeleka chakula kile kile kwa mlaji yule yule, kwa mlango wa nyuma.

Nchi hii iliwahi kuonyesha njia bora. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa redio, vitabu vyepesi na vikundi vya kusomea, watu wapatao milioni 2 walikaa chini wakajifunza namna ya kujikinga na maradhi, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kusafisha visima. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Taifa lilikuwa maskini kuliko lilivyo leo, barabara zilikuwa chache, na simu ya mkononi haikuwapo. Hata hivyo viongozi wa wakati ule walielewa kwamba mwananchi hufundishwa kwanza, ndipo akadaiwa. Leo redio zimejaa, simu zimejaa, na bado mkulima wa Newala aghalabu hulisikia neno sumukuvu kwa mara ya kwanza pale mzigo wake unapokataliwa.

Kwa hiyo basi, tunapendekeza mambo manne. Kwanza, elimu ya usalama wa chakula iingizwe katika kazi za kila siku za bwana shamba na bibi shamba, na kituo cha utafiti cha Naliendele, kilicho karibu na mji wa Mtwara, kitumike kikamilifu kuwafundisha. Turubai la kuanikia na kipimo cha unyevu katika kila chama cha msingi ni gharama ndogo kuliko mazishi. Pili, upimaji uwafuate wakulima. Maabara kuu iliyoko Dar es Salaam haiwezi kumsaidia mwenye magunia machache wa Masasi, na vifaa vya kupima sumukuvu hapo hapo ghalani vipo duniani na vinatumika. Tatu, masharti kwa mzalishaji mdogo yapangwe kwa hatua na kwa muda, yakianza na yale yanayookoa uhai, na yale ya jengo na lebo yafuate kadiri kipato chake kinavyokua. Nne, cheti kilichotolewa kwa haki upande mmoja wa Muungano kiheshimiwe upande wa pili, ili mzigo mmoja usilipiwe mara mbili kwa swali moja.

Mkulima naye hatumwachi bila neno. Kuanika karanga juu ya vumbi, kuweka nafaka yenye unyevu ghalani kwa haraka ya kwenda shughuli nyingine, kuchanganya korosho mbovu na nzima ili uzito uongezeke, hayo ni makosa, na umaskini haugeuzi kosa kuwa haki. Anayepunja ubora humpunja ndugu yake. Aliyekwisha kufundishwa, akapewa nyenzo, kisha akauza sumu kwa makusudi, huyo sheria imshukie kwa uzito wake wote, nasi hatutamtetea.

Lakini mpangilio usigeuzwe. Mwalimu atangulie, nyenzo zifuate, kipimo kije baada yake, na adhabu iwe ya mwisho. Ofisa atakayepanda Newala na daftari la faini kabla ya kupeleka maji na maarifa atarudi na fedha kidogo za stakabadhi, na chakula atakiacha kama alivyokikuta. Mlaji wa visiwani na mlimaji wa Makonde wana maslahi mamoja katika jambo hili. Wote wawili wanakula kutoka katika mkeka mmoja wa kuanikia, na hapo ndipo Serikali inapopaswa kuanzia kazi yake.