Vichwa vya dizeli navyo ni urithi

Kwanza nimalize swali ambalo nimeulizwa mpaka limenichosha: wewe Mzanzibari, kisiwa chenu hakina hata futi moja ya reli, mapenzi ya treni umeyatoa wapi? Jamani, reli tulikuwa nayo. Tena mbili. Na namna zilivyopotea ndiyo sababu napanda boti kwenda bara na kamera, kuwinda vichwa vya treni vya dizeli.

Ya kwanza ni ya Sayyid Barghash, 1879, kutoka mjini hadi kasri lake la Chukwani. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu, kisha 1881 akaagiza kichwa kidogo cha moshi kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza. Alipofariki 1888, reli nayo ikafa. Ya pili ni ya Bububu, maili saba kutoka Ngome Kongwe, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney na kuanza kazi 1905. Ilipita kwenye njia nyembamba za Mji Mkongwe, ikibeba abiria mpaka 1922, halafu ikabaki kubeba mawe, halafu kimya. Leo unapanda daladala ya 502, basi.

Tumebaki na nini? Na hadithi. Kila mtoto wa Unguja ameambiwa kwamba jina Bububu ni mlio wa ile treni. Hadithi tamu, ila Bibi Salme aliitaja Bububu katika kitabu chake cha 1886, miaka 19 kabla ya treni kulia! Yaani tumehifadhi kisichokuwa kweli, na kilichokuwa kweli tukakiuza chuma chakavu. Majina ya madereva hayamo kwenye hadithi yetu. Namba za vichwa hazimo.

Hizo zilikuwa za moshi, na moshi una wapenzi wake. Nairobi wana makumbusho ya reli tangu 1971, na lile dude lao namba 5918, Mount Gelai, watu wanalipigia picha mchana kutwa. Dizeli ndiyo haina mtetezi. Mtu akiiona anaona kelele na mafuta machafu.

Lakini hebu itazame TAZARA. Reli ya kilomita 1,860, iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975 baada ya nchi za Magharibi kukataa kuifadhili. Vichwa vyake vya kwanza vilikuwa vya dizeli vya Kichina, ukoo wa Dongfanghong, maana yake "Mashariki ni mwekundu". Milima ya kusini ikavitoa jasho. Miaka ya 1980 vikaja vya aina ya U30C, usanifu wa General Electric ya Marekani, vilivyoundwa na Krupp wa Ujerumani Magharibi. Reli ya Mao ikavutwa na injini ya Kimarekani! Vita Baridi nzima unaisoma kwenye bati moja, kama unajua kusoma.

Ndiyo maana treni ya kitalii ya Rovos Rail, ambayo tangu 1993 hutoka Cape Town hadi Dar es Salaam, ikija wenzangu wote hukimbilia mabehewa. Mazuri kweli, mbao zinang'aa. Mimi nakimbilia mbele, kwenye kichwa cha TAZARA kilichofungwa pale kuyavuta. Hakuna anayekipa hata salamu.

Kukipiga picha nako ni kazi. Kituo kimoja cha bara, sikitaji, askari alinijia mbio: "Kijana, futa hiyo picha." Nikatoa kitambulisho cha kazi. "Ndiyo kabisa, mwandishi! Futa." Hatua chache pembeni Wazungu wawili walikuwa wakikipiga kichwa kilekile kwa lenzi ndefu kama mkono, na hakuna aliyewagusa. Nikafuta. Kwa hiyo picha ya kichwa kile ipo Ulaya, kwetu haipo. Kama ile ya Bububu, ambayo tunaijua kwa postikadi za wageni.

Waingereza walikuwa na dizeli ziitwazo Deltic, 22 tu. Zilipoachishwa kazi mwanzoni mwa 1982, wapenzi walichanga fedha, chama kimoja kikanunua tatu. Leo zipo sita, na watu wanalipa nauli ya treni za kukodi kwa sababu tu Deltic iko mbele. Hawakuwa matajiri, wengi walikuwa vijana wenye daftari la namba.

Najua nitaambiwa nchi ina shida kubwa zaidi. Sawa. Siombi makumbusho ya mabilioni. Naomba kichwa kimoja cha kila aina kiwekwe kando kabla ya mnunuzi wa vyuma kufika, na mwananchi aruhusiwe kupiga picha akiwa jukwaani. Muda wenyewe hautusubiri. Tangu 2024 treni ya umeme inakwenda Dar hadi Dodoma. Nimeipanda, naipenda, na najua kila dizeli itakayoondoka sasa haitakuwa na mrithi wa sauti yake.

Wazee walioziendesha bado wapo, Dar, Mbeya, Tabora. Kama nyumbani kwenu yupo mmoja, muulize namba za vichwa vyake na uandike na mwaka. Na wewe wa Unguja, ikiwa kwenye sanduku la bibi kuna picha ya treni ya Bububu, nijulishe. Nitakuja na skana yangu, na picha hutaitoa nje ya mlango.